Wakfu Uliokatwa: Kibao cha Gentile da Fabriano kati ya Firenze na Paris

Na Mwandishi Wetu

Mtu aingiaye katika makumbusho ya Uffizi mjini Firenze, akasimama mbele ya ubao wa Mamajusi ambao Gentile da Fabriano aliumaliza mwezi wa Mei mwaka 1423, hana budi kushikwa macho kwanza na dhahabu. Kwa maana ubao huo, wenye kimo cha mita tatu hivi na upana usiopungukiwa sana na kimo chake, umetiwa dhahabu katika mataji ya wafalme, katika hatamu za farasi, katika pindo za majoho na katika nuru iliyozunguka vichwa vya watakatifu, hata mtazamaji hudhani kwamba hapana kingine cha kutazamwa. Lakini akiinama ataona, chini ya umati ule, safu ya vibao vitatu vyembamba. Cha kwanza chaonyesha kuzaliwa kwa Yesu usiku. Cha kati chaonyesha Mariamu na Yusufu wakikimbilia Misri pamoja na mtoto. Cha tatu chaonyesha mtoto akitolewa hekaluni Yerusalemu.

Viwili vya mwanzo ni kazi ya mkono wa Gentile mwenyewe. Cha tatu ni nakala.

Kile cha asili, ambacho upana wake ni sentimita 66 na kwenda juu sentimita 26, kiko katika makumbusho ya Louvre mjini Paris, tangu kilipochukuliwa na watu wa serikali ya Napoleon mwaka 1812. Jambo hili si siri. Limeandikwa katika vitabu, na makumbusho zote mbili hazilifichi. Lakini jambo lijulikanalo na wote aghalabu ndilo lisiloulizwa na mtu, na kwa hiyo makala haya yanauliza: kibao hicho ni haki ya nani, kwa nini hakikurudi wakati vitu vingine vingi viliporudi, na kutengwa kwake kumetupunguzia nini katika kumfahamu mchoraji aliyekifanya?

Mtu wa Fabriano na tajiri wa Firenze

Gentile alizaliwa karibu na mwaka 1370 katika mji wa Fabriano, nchi ya Marche, mji ambao ulikuwa umekwisha kupata sifa katika Ulaya kwa ufundi wa kutengeneza karatasi. Maisha yake yalikuwa ya kuhama. Mwaka 1408 alikuwa Venezia, ambako alichora picha ya ukutani katika kasri la mtawala wa mji ule; kutoka mwaka 1414 hata 1419 alikuwa Brescia katika utumishi wa Pandolfo Malatesta; na mwaka 1420 alifika Firenze. Picha ya Venezia imepotea, na ya Brescia karibu yote imepotea pia, hivyo kwamba sehemu kubwa ya umri wa mtu huyu, ambaye wakati wake alihesabiwa kuwa hodari kuliko wachoraji wote wa Italia, yajulikana kwa hati za malipo tu.

Katika Firenze alijiandikisha katika chama cha matabibu na wauza dawa, ambacho ndicho kilichowakusanya wachoraji pia, kwa sababu rangi zao zilinunuliwa katika maduka yale yale yaliyouza dawa na viungo. Na hapo ndipo alipopata mwajiri wa kulingana naye.

Mwajiri huyo alikuwa Palla Strozzi. Hesabu ya kodi ya mwaka 1427 ilimwonyesha kuwa tajiri kuliko raia wote wa Firenze, lakini fahari yake kubwa ilikuwa elimu: alikuwa mmoja wa waliosaidia kumleta Manuel Chrysoloras kutoka Konstantinopoli mwaka 1397 ili afundishe Kiyunani katika mji ule, na alikusanya vitabu vya Wayunani kwa gharama isiyo ndogo. Baba yake, Onofrio, alikuwa ameanza kujenga kanisa dogo la ukoo ndani ya kanisa la Santa Trinita, mahali patumikapo pia kuwa sakristia. Na baba alipofariki mwaka 1418, Palla alimzika humo, akaazimu kupamba altare yake kwa picha isiyo na mfano. Kazi hiyo alimpa Gentile.

Naomba msomaji alishike neno hili, maana tutalirudia: mtu aliyekuwa mbele ya wenzake katika elimu mpya ya wakati ule, yaani elimu ambayo wana historia wameiita mwanzo wa Renesansi, alipotaka picha ya kaburi la baba yake hakumwendea kijana mwenye mtindo mpya, bali alimwendea mzee wa dhahabu.

Dhahabu, na herufi zilizovuka bahari

Picha yenyewe imepangwa chini ya matao matatu. Katika kila tao, mbali nyuma, msafara wa Mamajusi waonekana: kwanza wakiwa mlimani wakiiangalia nyota, kisha wakiuendea mji wa Yerusalemu, kisha wakiingia Bethlehemu, halafu msafara ule wote wateremka na kumwagika mbele ya macho yetu, pamoja na farasi, mbwa, ngamia, kima, na wanyama wakali waliozoezwa mawindo.

Wafalme watatu ni umri tatu za mwanadamu. Mzee ameweka taji yake chini na amesujudu hata midomo yake inaugusa mguu wa mtoto, na mtoto ameweka mkono juu ya kipara chake. Wa pili yu katika kuinama, mkono wake umekwisha kufika katika taji. Wa tatu, kijana, bado amesimama wima katika joho la zari, na mtumishi aliyechutama nyuma yake anamfungua vyuma vya kuchochea farasi visiginoni. Nyuma ya Mariamu wanawake wawili wamekifungua chombo cha zawadi na kuchungulia kilichomo. Mtu mwenye kozi mkononi, karibu na mfalme kijana, mapokeo yasema ndiye Palla Strozzi mwenyewe.

Dhahabu hiyo haikupakwa kama rangi. Ubao wa mbao uliandaliwa kwa tabaka za jasi na gundi. Mahali pa mataji, hatamu na zana, jasi iliinuliwa ikawa na mwili, ndipo ikafunikwa udongo mwekundu laini, na juu yake jani la dhahabu lililofuliwa likawa jepesi kuliko karatasi, likasuguliwa hata likang'aa, likatobolewa vitone vidogo kwa ncha ya chuma. Kitu kilichofanywa hivyo hakina sura moja: mtazamaji akisogea hatua moja, au mshumaa ukitikisika juu ya altare, mwanga hukimbia kutoka taji hata taji. Ndiyo sababu nasema kwamba nakala, hata ikifanywa na stadi, haiwezi kuwa badala ya asili katika kazi ya namna hii; nakala huiga rangi na mistari, lakini mwenendo wa mwanga juu ya jani la dhahabu ulitoka katika shinikizo la mkono mmoja, na mkono huo umekwisha kupumzika tangu mwaka 1427.

Msomaji wa pwani yetu, ambaye pengine alifundishwa alifu na bee chuoni kabla hajashika kalamu ya herufi za Kirumi, ataona jambo moja ambalo watazamaji wengi hulipita. Katika nuru iliyozunguka vichwa vya Mariamu na Yusufu pana mfuatano wa alama zilizokatizwa na maua ya duara, na alama hizo ni maumbo ya herufi za Kiarabu. Kwa sehemu kubwa hazisomeki, maana Gentile aliiga umbo bila kujua lugha. Lakini mpango wake, herufi kisha ua, herufi kisha ua, ni mpango wa sinia za shaba za Misri na Sham zilizofanywa chini ya Wamamluki, ambazo wafanya biashara wa Venezia walizileta kwa wingi.

Na wakati wenyewe ulikuwa wakati wa mlango kufunguliwa. Mwaka 1421 Firenze ilinunua bandari ya Livorno kutoka kwa Genova ili ipate kufanya biashara ya bahari kwa vyombo vyake yenyewe. Mwaka 1422, mwaka mmoja kabla ya picha kumalizika, ilipeleka mabalozi wawili, Carlo Federighi na Felice Brancacci, kwa Sultani Barsbay mjini Kairo. Felice huyo baadaye alimwoa binti wa Palla Strozzi. Basi zile herufi katika nuru ya Bibi Mariamu hazikuanguka kutoka hewani. Zilitoka katika mji uliokuwa ukiitazama Misri kwa hamu ya mali na kwa taadhima, na mchoraji aliziona kuwa zafaa kuzunguka kichwa kitakatifu kuliko vichwa vyote alivyopewa kuvichora.

> Herufi kisha ua, herufi kisha ua: mpango wa sinia za shaba za Misri na Sham, umezunguka kichwa cha Bibi Mariamu.

Alichokificha chini

Hukumu ya kawaida juu ya Gentile ni fupi. Wanasema kwamba yeye alikuwa mtu wa mwisho wa mtindo wa Gothiki uliopendwa katika nyua za wafalme, mtindo wa mapambo, vitambaa na mstari laini. Na kwamba katika mji ule ule, miaka michache baadaye, Masaccio alichora katika kanisa dogo la Brancacci watu wazito wenye vivuli, waliosimama juu ya ardhi ya kweli, na kwa kazi hiyo akafungua zama mpya. Gentile amefanywa kuwa jioni ya siku iliyopita, na Masaccio asubuhi ya siku mpya.

Hukumu hiyo ina ukweli, kwa kuwa hakuna awezaye kuisimamisha picha ya Mamajusi kando ya kazi ya Masaccio asione kwamba mmoja alipenda umati na mwingine alipenda umbo la mtu mmoja. Lakini hukumu hiyo imetolewa na watu waliotazama ubao mkubwa wasiiname.

Katika kibao cha Kuzaliwa, ni usiku. Mbingu zina nyota. Mtoto amelala chini uchi, na kutoka kwake hutoka mwanga ambao ndio unaomwangaza Mariamu na wanyama na ukuta wa pango; upande wa kuume, juu ya kilima, malaika awaletea wachungaji habari, na mwanga wake wa namna nyingine waangukia kilima kile. Kila mwanga una chanzo chake, na kila kitu kina upande wa nuru na upande wa giza kwa kadiri ya mahali kilipo. Wachoraji kabla yake walijua kuonyesha usiku kwa ishara. Gentile aliuonyesha usiku kama jicho liuonavyo.

Katika kibao cha kati, jua lenyewe ni dhahabu, limechomoza juu ya vilima, na vilima vile vimepokea mwanga wake upande mmoja, kwa sababu Gentile aliweka dhahabu chini ya rangi mahali jua lilipogusa. Hapo utaona ustadi wa zama mbili katika tendo moja: dhahabu, iliyokuwa mali ya mafundi wa kale, ameitumia kutatua jambo ambalo mafundi wapya walijisifia kuligundua.

Kisha kibao cha tatu, kile cha Paris. Usiku umepita, alfajiri imepita, tumeingia mjini. Hekalu limesimama katikati, limefunguliwa ili tuone ndani jinsi mzee Simeoni alivyompokea mtoto. Pande zote mbili pana nyumba za mji wa Italia, zenye nguzo na matao yaliyopimwa kwa bidii. Kushoto wamesimama mabibi wawili waliovaa nguo za thamani. Kulia, chini ya matao, wamekaa maskini wanaoomba.

Nimewafikiri sana maskini hao. Katika ubao mkubwa hapo juu hakuna maskini hata mmoja. Kila mtumishi amevaa kama mwana wa sultani. Gentile aliyejaza dhahabu ya Palla Strozzi kutoka pembe hata pembe ndiye aliyeweka, katika pembe ya mwisho kabisa ya kazi yake, chini upande wa kuume, watu wasio na kitu, wakiwakabili mabibi wa upande wa pili, na hekalu katikati yao. Picha hiyo yote, kuanzia nyota ya mlimani juu kushoto, yaishia kwa maskini. Na ndipo hapo ilipokatwa. Mtu anayeiona picha ya Firenze na nakala yake hupata habari ya maskini hao, lakini hapati mkono uliowafanya. Na anayewaona Paris hajui kwamba juu yao palikuwa na msafara wa wafalme.

> Picha yote, kuanzia nyota ya mlimani, yaishia kwa maskini; na ndipo hapo ilipokatwa.

Jinsi kilivyokwenda Paris

Mwaka 1808 nchi ya Toscana ilitiwa katika dola ya Ufaransa. Nyumba za watawa zilifungwa na mali zao zikawa mali ya dola, nayo Santa Trinita, iliyokuwa ya watawa wa Vallombrosa, haikuachwa. Mwaka 1810 ubao mkubwa ulihamishiwa katika makumbusho ya Accademia, na haukufika Uffizi hata mwaka 1919.

Wakati huo mkuu wa makumbusho ya Paris alikuwa Dominique Vivant Denon, yule yule aliyefuatana na Napoleon katika vita vya Misri mwaka 1798 na kuyachora magofu ya Mafirauni. Mwaka 1811 alisafiri Italia kuchagua picha za wachoraji wa kale, wa kabla ya Raffaello, kutoka katika nyumba za watawa zilizofungwa. Alichagua Bikira wa Cimabue na Fransisko Mtakatifu wa Giotto katika kanisa la San Francesco mjini Pisa. Alichagua Kuvikwa Taji kwa Mariamu ya Fra Angelico katika nyumba ya watawa ya Fiesole. Na katika kazi ya Gentile alichagua kibao cha maskini.

Yatupasa kumtendea Denon insafu. Katika siku zile watu wengi wa Italia wenyewe waliwaita wachoraji hao wa kale washamba wa sanaa, na picha zao zilikuwa zikioza katika maghala au zikiuzwa kwa thamani ya mbao. Denon alizitaka kwa sababu alizithamini, na mwaka 1814 alizionyesha hadharani katika Louvre, jambo ambalo makumbusho kubwa za Ulaya hazikuwa na desturi nalo.

Dola ya Napoleon ilipoanguka mwaka 1815, mataifa yaliyoshinda yalidai mali zao. Farasi wa shaba walirudi Venezia. Sanamu ya Venus ya Medici ilirudi Firenze, na Bikira wa Kiti wa Raffaello pia. Wajumbe wa Toscana walifika Paris na orodha yao, wakachukua walivyovithamini. Wala Cimabue, wala Giotto, wala Fra Angelico wa Fiesole, wala kibao cha Gentile hakikuondoka Paris.

Hapa ndipo habari mbili zinapokuwa moja. Mchoraji alihukumiwa kuwa mtu wa mtindo uliokufa, na kwa ajili ya hukumu hiyo sehemu ya kazi yake haikuonekana kuwa yastahili gharama ya kurudishwa. Na kwa kuwa haikurudishwa, kazi yake imebaki pungufu mbele ya macho ya wale wanaomhukumu hata leo.

Wakfu mbili

Hoja ya upande wa Ufaransa si dhaifu. Kwanza, wasema, kibao hakikutekwa vitani. Kilichukuliwa katika nchi iliyokuwa sehemu ya dola, kwa amri ya serikali iliyokuwa ikitawala, kutoka katika mali iliyokuwa imekwisha kuwa ya dola. Pili, mwaka 1815 mlango wa kudai ulikuwa wazi, na waliokuwa na haki ya kudai waliingia, wakatoka, wakakiacha. Tatu, na hii ndiyo ngome yao kubwa, sheria ya Ufaransa yasema kwamba kitu kilichoingia katika makumbusho ya taifa ni mali ya umma, hakiuzwi, hakitolewi, wala muda haukiondolei hali hiyo.

Hoja ya nne haisemwi na Wafaransa peke yao, nayo hunisumbua kuliko zote. Ikiwa kila kitu kirudi kilipofanyiwa, basi Uffizi yenyewe ni ya kwanza kushitakiwa: ubao mkubwa haukufanywa kwa ajili ya makumbusho, bali kwa altare ya Santa Trinita, na sakristia ile ingali imesimama, na kaburi la Onofrio Strozzi limo. Picha ya pili ambayo Palla aliagiza kwa mahali pale pale, Kuteremshwa Msalabani ya Fra Angelico, iko katika makumbusho ya San Marco. Na nyumbani kwa Gentile? Ubao wake mkubwa wa Valle Romita ulifanywa kwa watawa karibu na Fabriano. Sehemu zake kubwa tano zilipelekwa katika makumbusho ya Brera mjini Milano mwaka 1811, wakati wa utawala ule ule wa Napoleon, na vibao vinne vya juu vilinunuliwa na Brera mwaka 1901. Wenyeji wa Fabriano, ambao mwaka 2006 waliandaa maonyesho makubwa yaliyoitwa Gentile da Fabriano na Renesansi Nyingine, walilazimika kuiazima kazi ya mwana wao kutoka miji ya watu.

Upande wa pili hujibu kwamba sheria iliyomfanya mtawa kuwa maskini na dola kuwa mrithi wake ilikuwa sheria ya mshindi, na kwamba ukimya wa wajumbe wachache wa mwaka 1815, waliotumwa na mtawala na wala si na kanisa wala na ukoo wa Strozzi, hauwezi kuhesabiwa kuwa ridhaa ya vizazi vyote.

Mimi naona kwamba watu wa pwani wana kipimo chao cha kulipimia jambo hili, nacho ni wakfu. Kila mtu wa Lamu, Mombasa au Unguja anajua kwamba nyumba, kisima au shamba likiisha kuwekwa wakfu, aliyeliweka halimiliki tena, mrithi wake halirithi, na msimamizi hana ruhusa ya kuliuza wala kuligawa. Kazi yake ni kulitunza kwa nia ile ya kwanza. Palla Strozzi alipoiweka picha ile juu ya altare ya baba yake aliiweka wakfu kwa kila maana ya neno hilo. Hata alipopelekwa uhamishoni mwaka 1434, baada ya Cosimo de' Medici kurudi madarakani, hata alipokufa Padova mwaka 1462 akiwa mzee sana asiyeuona tena mji wake, picha haikumfuata. Ilibaki Santa Trinita, kwa kuwa haikuwa yake tena.

Na ajabu ni kwamba sheria ya Ufaransa, isemayo mali ya makumbusho haiuzwi wala haitolewi, ni wakfu pia, wakfu wa taifa. Basi shauri hili si la mwizi na aliyeibiwa. Ni la wakfu mbili juu ya kitu kimoja. Na katika wakfu mbili, wa kwanza ndio wenye haki, maana wa pili ulifanywa katika kitu ambacho mwenye kukitoa hakuwa na uwezo wa kukitoa.

> Shauri hili si la mwizi na aliyeibiwa. Ni la wakfu mbili juu ya kitu kimoja.

Kuunga na kurudisha

Lakini lazima nijibu ile hoja ya nne, maana kuipita kimya si haki. Jibu langu ni kwamba kurudisha kitu kizima mahali kilipotoka ni shauri moja, na kuunga kitu kilichokatwa ni shauri lingine, na la pili latangulia. Ubao wa Valle Romita, ingawa uko Milano, umekamilika mbele ya anayeutazama. Viungo vyake viko pamoja, na mtu aweza kuusoma. Wananchi wa Fabriano wana huzuni ya haki, lakini kazi yenyewe haikujeruhiwa. Kazi ya Santa Trinita imejeruhiwa.

Wala si hiyo peke yake. Mwaka 1425 Gentile aliufanyia ukoo wa Quaratesi ubao wa altare kwa kanisa la San Niccolò, ng'ambo ya mto Arno, ambao Vasari, mwandishi wa maisha ya wachoraji, aliuona mzima na kuusifu kuliko kazi zake zote alizopata kuziona. Leo watakatifu wanne wa pembeni wako Uffizi. Bikira wa katikati ni mali ya ufalme wa Uingereza, naye ameazimwa kwa National Gallery ya London. Vibao vinne vya chini, vyenye habari za Nikolao Mtakatifu, viko Vatikano. Cha tano, cha mahujaji katika kaburi lake, kiko Washington. Hapo kuunga ni kugumu zaidi, kwa sababu vipande vile viliuzwa na kununuliwa, na kila aliyevishika alivipata kwa bei. Kibao cha Paris hakina kizuizi hicho. Wamiliki ni wawili tu, na wote wawili ni serikali.

Nao wamekwisha kuonyesha kwamba wakitaka huweza. Septemba mwaka 2019 mawaziri wa Italia na Ufaransa walitia saini mkataba wa kuazimana, kazi za Leonardo ziende Paris na za Raffaello ziende Roma, na jambo hilo likatimia. Kuhusu sheria ya mali ya umma, bunge la Ufaransa lilipitisha Desemba mwaka 2020 sheria makhsusi iliyoruhusu vitu 26 vya ufalme wa Abomey virudi Benin na upanga wa Al-Hajj Umar Tall ubaki Senegal. Vitu vya Abomey vilifika nyumbani mwaka 2021. Wakfu wa taifa, basi, una mlango, na ufunguo wake uko kwao.

Wapo wataalamu waliojitahidi kumrejeshea Gentile heshima yake, mmoja wao Keith Christiansen wa Marekani, aliyeandika juu yake kitabu kizima mwaka 1982. Nao wametufundisha kumtazama kuwa mtu aliyesimama na mguu mmoja katika kila zama, asiyeona sababu ya kuchagua. Mwanafunzi wake Jacopo Bellini alimpa mwanawe mkubwa jina la Gentile, na huyo Gentile Bellini ndiye aliyepelekwa na Venezia mwaka 1479 kwenda Istanbul kuichora sura ya Sultani Mehmed. Wachoraji wa Roma walizisoma picha zake za kanisa la Laterano, ambazo mauti yalimkatiza akizifanya, hata zilipoangamia katika karne ya 17. Mtu mwenye uzao wa namna hiyo hawezi kuitwa mwisho wa kitu.

Ninachoomba si kwamba Louvre ivuliwe picha za Italia. Giotto wa Pisa yuko Paris pamoja na vibao vyake vyote vya chini. Bikira wa Cimabue ni mzima. Kuvikwa Taji ya Fra Angelico imehifadhiwa na safu yake ya chini bila kupungua. Kazi hizo zinasimama kwa miguu yao, na Paris imezitunza na kuzifundisha kwa miaka zaidi ya 200. Kwazo shauri lingine laweza kusikilizwa siku nyingine. Lakini katika makumbusho ile ile pana kibao kimoja ambacho si kazi bali ni kiungo cha kazi, na mwili wake ungaliko, umetunzwa vizuri, mahali pake pamepimwa na pamewekwa nakala ya sentimita 66 kwa 26. Louvre ikikitoa, Uffizi yaweza kuipa nakala ile iwe badala yake, pamoja na haki ya kuazima kazi yoyote ya karne ya 15 itakayoihitaji kwa maonyesho yake. Nayo Italia iandike jina la Denon ukutani pale, kwa herufi za wazi, kuwa mtu aliyezithamini picha hizi kabla ya wenyewe kuzithamini.